Mita Saba na Nusu

Nilijaza gramu 520 za gesi mahali palipotaka gramu 280. Hilo ndilo kosa ninaloliungama hapa. Gramu 240 zilizozidi hazifiki hata uzito wa soda ya chupa ndogo, lakini ndizo zilizoua kompresa ya kiyoyozi katika stoo ya dawa pale Port Bell, Kampala. Na kabla kompresa haijafa nilikuwa nimeshawasingizia wadudu wa ziwani, nimeusingizia umeme, na nimepokea fedha kwa visingizio vyote viwili. Hesabu mbaya ilinichukua dakika chache tu. Visingizio vilichukua miezi, na ndivyo vinavyonifanya niandike.

Kwanza nieleze jinsi mabomba yalivyorefuka. Viyoyozi vya kawaida vya ukutani, vile vya vipande viwili, hufungwa mgongo kwa mgongo: mashine ya ndani upande huu wa ukuta, ya nje upande ule, na bomba la mita tatu au nne linatosha. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hajati, mwenye duka la dawa kwenye njia inayoteremka gatini. Mashine yake ya nje ilikaa chini, uani. Ukaja mwaka 2020. Mvua zilinyesha mfululizo, Ziwa Viktoria likapanda, na mwezi Mei kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964. Gati ya Port Bell ikaingiwa na maji, na uani kwa Hajati maji yakasimama hadi usawa wa feni ya mashine. Yalipopungua, mashine haikuwaka tena.

Alitaka mpya, na safari hii hakutaka hata kusikia habari ya kuiweka chini. "Ipandishe juu kabisa, fundi," aliniambia. "Ziwa likirudi likute ukuta mtupu." Mimi na yeye huzungumza Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, na yeye alikulia jirani na gati hii iliyopewa jina la Hesketh Bell, gavana wa Uganda wa enzi za Waingereza, ambako meli za kubeba mabehewa kama MV Umoja zimekuwa zikileta mizigo na Kiswahili kutoka Mwanza. Aliniita fundi kwa heshima. Alikuwa ameambiwa na watu wawili watatu kwamba kazi yangu ni safi.

Juu kabisa maana yake ni paa la ghorofa ya tatu, na stoo iko chini. Nilipima kwa kamba njia yote ambayo bomba lingepita, kona kwa kona, nikapata mita 21.5.

Mashine ilikuwa ya BTU 18,000, ya gesi ya R-410A. Ubavuni mwa mashine ya nje kiwanda kilikuwa kimebandika kila nilichohitaji: gesi iliyomo ni kilo 1.35, inatosha bomba lisilozidi mita 7.5, na zaidi ya hapo ongeza gramu 20 kwa kila mita. Bomba jembamba ni la robo inchi. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Toa 7.5 kwenye 21.5, zinabaki mita 14. Zidisha kwa 20, unapata gramu 280.

Mimi sikutoa. Nilisoma "gramu 20 kwa kila mita" nikaishia hapo, kwa sababu hiyo ndiyo namba niliyokuwa naitafuta. Mita saba na nusu ambazo kiwanda kilishazijazia gesi yake, mimi nikazijazia tena.

Kisha nikaongeza kosa la pili, na hili lilitokana na elimu iliyokaa vibaya kichwani. Katika mafunzo tulifundishwa kwamba bomba lina urefu wa namna mbili. Upo urefu wake halisi, ule wa kamba. Upo na urefu wa kukadiria, ambapo kila kona huhesabiwa kana kwamba ni kipande kingine cha bomba lililonyooka, kwa sababu gesi ikipinda inasuguana na kupoteza msukumo. Njia ya Hajati ilikuwa na kona tisa. Kila moja nikaipa nusu mita, zikawa 4.5, nikajumlisha na zile 21.5, nikapata 26. Mara 20, gramu 520. Nilijiona fundi makini kuliko wale wasiozihesabu kona kabisa.

Urefu wa kona ni kitu cha kweli, ila kazi yake ni nyingine. Unakusaidia kujua kama kompresa itaweza kusukuma gesi umbali huo, na kama nguvu ya kupooza itapungua. Gesi ya kuongeza inahusu nafasi iliyomo ndani ya bomba, basi. Kona ya sentimita kumi ina nafasi ya sentimita kumi. Msuguano wake unaweza kuwa wa nusu mita, lakini haujazwi gesi.

Kazi nyingine zote nilizifanya inavyopaswa. Nilitoa hewa na unyevu kwa pampu hadi geji ikatulia, nikaweka mtego wa mafuta chini pale bomba nene linapoanza kupanda, nikafunika mabomba yote mawili kwa sponji. Gesi niliipima kwa mizani ya kidijitali, mtungi ukiwa umepinduliwa, kwa kuwa R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu na inatakiwa itoke ikiwa majimaji ili mchanganyiko usiharibike. Mizani ilipofika 520 nilifunga valvu palepale, wala gramu moja haikuzidi. Usahihi huo ndio ulioutuliza moyo wangu. Mizani ilisema kweli juu ya namba ya uongo niliyoipa mimi.

Ilikuwa jioni ya Novemba, mvua imetoka kukatika na paa limepoa. Nikawasha. Geji ikasimama kwenye psi 125 hivi, ambayo kwa gesi hii ni kipimo kizuri, na upepo wa baridi ukatoka. Viyoyozi vidogo vingi vina tundu moja tu la kupimia, nalo liko upande wa bomba nene, ambako gesi inarudi ikiwa imeshapooza chumba. Upande wa pili, wenye shinikizo kubwa, fundi hauoni. Gesi ikipungua sana geji ya bomba nene itakuambia. Ikizidi kwa kiasi kama changu, jioni ya baridi, inaweza kunyamaza kabisa. Kwa hiyo kwenye mashine za namna hii hesabu na mizani ndiyo macho ya fundi, na mimi hesabu yangu ilikuwa imekwisha kuharibika.

Januari jua likawaka. Paa la bati mchana wa Januari hapa Kampala huichemsha hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo ndiyo ambayo mashine ya nje huitegemea ili itupe joto la chumbani. Gesi ya ziada inapokosa pa kukaa hujikusanya katika koili ya nje ikiwa majimaji, na sehemu ya koili iliyojaa majimaji haifanyi tena kazi ya kupooza. Ni kama kupunguza ukubwa wa koili bila kuikata. Shinikizo linapanda, kompresa inavuta umeme mwingi zaidi, inapata joto, na kinga yake inaikata. Ikipoa inawaka, ikipata joto inakatika. Usiku mambo yanageuka: chumba hakina joto la kutosha kuikausha gesi yote, na nyingine inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Kompresa imeumbwa kubana mvuke. Majimaji yanayeyusha mafuta yake na kuyasafisha pale yanapotakiwa kulainisha chuma. Mchana inachoshwa na joto, usiku inalainishwa vibaya. Hivyo ndivyo inavyokufa polepole huku mwenye nyumba akisikia tu kwamba "inakatika-katika".

Hajati alinipigia simu akasema hivyo hivyo: inakatika-katika. Nilipanda paani nikakuta koili imefunikwa na wadudu wa ziwani. Mtu wa Port Bell anawajua. Huinuka ziwani makundi kwa makundi, wakavamia taa, madirisha, na kila kitu kinachovuta hewa. Wanaziba koili kweli, na koili iliyozibwa huleta dalili zilezile za gesi kuzidi. Niliwaosha, mashine ikatulia siku kadhaa, kwa sababu koili safi hutupa joto vizuri hata kama gesi imezidi. Nikamwambia Hajati tatizo ni wadudu, nikatoza fedha ya kuosha. Pale sikudanganya, maana niliamini. Lakini sikurudi kwenye kibandiko kuikagua hesabu yangu, na sababu ni moja tu: sikutaka kosa liwe langu.

Mara ya pili koili ilikuwa safi. Hapo nilijua kuna kitu. Nilihisi, kama fundi yeyote anavyohisi, kwamba tatizo liko ndani ya mabomba niliyoyafunga mwenyewe. Nikaweka kipimo cha umeme, nikaona volteji inapanda na kushuka, nikapata pa kukimbilia. Umeme wa mtaa ule kuyumba si habari ngeni, hakuna ambaye angenibishia. Nilimuuzia stabilaiza. Huo ulikuwa uongo, na niliusema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, mbele ya mwanamke aliyeniamini.

Stoo ile ilikuwa na dawa nyingi zilizoandikwa kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Hajati huandika joto la stoo kwenye daftari asubuhi na mchana, kwa kuwa wakaguzi wa mamlaka ya dawa wakija daftari hilo ndilo wanaloliomba. Safu ya mchana ikaanza kuonyesha 27, 28, 29. Dawa za watoto za kuingizwa njia ya haja kubwa zililainika ndani ya vifuko vyake. Alizitenga, akaandika hasara, akaagiza nyingine. Ningeweza kuizuia hasara hiyo kwa kusoma tena mistari mitatu ya kibandiko.

Kompresa ilipogoma kabisa ilibidi ibadilishwe, na kubadilisha kompresa maana yake ni kuitoa gesi yote. Mafundi wengi hapa huiachia hewani. Nimewahi kuiachia na mimi, na hilo nalo naliungama. Safari hii niliivuta kwenye mtungi, nao mtungi nikauweka kwenye mizani kwa sababu nilitaka kuhakikisha kile nilichokuwa nakikwepa. Ilitoka kilo 1.84, na kidogo kilibaki mabombani. Kiwanda kilitia 1.35. Ilipaswa kuwamo 1.63 jumla. Nikakaa pale paani na karatasi, nikaifanya hesabu upya, nikaiona 7.5 ambayo haikuwahi kutolewa.

Nilitaka kujiridhisha kwamba kiwanda hakikukosea, maana hata hapo nilikuwa bado natafuta mwingine wa kumpa lawama. Bomba la robo inchi lina uwazi wa ndani wa milimita 4.8 hivi. Mita moja yake inaingia mililita 18. Gesi hii ikiwa majimaji ina uzito unaokaribia wa maji, kilo moja kwa lita, kwa hiyo mita moja ikijaa inabeba gramu 18 hivi. Kiwanda kimeandika 20. Namba yao ilikuwa inakubaliana na bomba lenyewe. Kwa kulinganisha, bomba jembamba la inchi 3/8, lile la mashine kubwa, lina uwazi wa milimita 7.9 na linabeba gramu 50 hivi kwa mita. Jina la bomba linaongezeka kwa nusu tu, ila gesi inakaribia mara tatu. Anayeibeba kichwani namba ya bomba moja na kuitumia kwenye jingine atakosea kwa kiasi kikubwa kuliko mimi. Bomba nene la mvuke, pamoja na unene wake wote, linabeba gramu chache mno kwa mita, ndiyo maana kibandiko kinahesabu lile jembamba.

Nilimwendea Hajati kabla sijafunga kompresa mpya. Nilimweleza yote, na ile stabilaiza.

"Kwa hiyo siku ile ya umeme ulikuwa unajua?" aliniuliza.

"Nilikuwa nahisi, Hajati. Nikaogopa."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kosa la hesabu ningelisamehe siku hiyohiyo. Mimi pia nahesabu vidonge kila siku, nakosea. Lakini mimi nikikosea namfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake."

Nilimrudishia fedha ya kuosha na ya stabilaiza, nikagawana naye bei ya kompresa, na kazi sikumtoza. Dawa zilizoharibika sikuzilipa, hazikuwa ndani ya uwezo wangu, na deni hilo bado liko. Kwa kompresa mpya nilifuatisha kibandiko: 1.35 ya kiwanda na gramu 280 za bomba. Inafanya kazi Januari kama inavyofanya Novemba.

Kuna mtu mwingine niliyemkosea ambaye sitamwona kamwe: yule atakayeishi na joto la gesi niliyowahi kuiachia hewani. Kilo moja ya R-410A ikipotelea hewani huipasha dunia joto kama tani mbili na zaidi za hewa ukaa. Makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hii yalifikiwa kwa jirani zetu, Kigali, Oktoba 2016, na Uganda iliyaridhia mwaka 2018. Watu wa ziwa hili ndio wa mwisho wanaopaswa kulipuuza jambo hilo, sisi tuliohamisha mashine kwenda paani kwa sababu maji yalitufuata uani. Kila gramu tunayoijaza bila sababu ni gramu itakayovuja siku moja. Na mashine mpya zinazoingia sasa nyingi ni za R-32. Madhara yake kwa hali ya hewa ni kama theluthi ya hiyo ya zamani, ila inaweza kushika moto, ndiyo maana kiasi chake huwekewa kikomo kulingana na ukubwa wa chumba. Kuzidisha gesi hiyo kwa uvivu wa hesabu kutahatarisha watu, zaidi ya kompresa.

Ninawaomba mafundi wenzangu, hasa vijana mnaofunga mashine kwenye maghorofa yanayoota kila siku kutoka Luzira hadi Mutungo, ambako mabomba yatazidi kurefuka. Andikeni kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha mashine ya nje: urefu halisi wa bomba, mita zilizojaziwa kiwandani, gramu mlizoongeza, na jumla. Atakayekuja baada yenu ataanzia kwenye ukweli. Mwezi wa kiangazi mashine ikikatika, kagueni hesabu yenu kwanza, ndipo muwatazame wadudu na umeme.

Nawe mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye zahanati, usione haya. Kabla fundi hajafungua mtungi mwambie akusomee kibandiko na akutajie ni mita ngapi ametoa. Asipoweza kuzitaja, mtungi usifunguliwe.